Fundo la Mbaabu

“Mwanaume asiyepatikana Alhamisi, dada yangu, ana mtu wake wa Alhamisi.”

Maxine aliyasema hayo huku akikata uzi kwa meno, hata macho hakuyainua kutoka kwenye cherehani, na tangu aliposema Karwirwa hakulala vizuri tena. Walishona sare za shule pamoja katika chumba kimoja cha kupanga huko Majengo, mjini Meru, nyuma ya bucha, na Maxine hakuwa mtu wa kupima maneno. Lakini jamani, mara hii alikuwa amegonga ndipo. Mwaka mmoja na miezi miwili Karwirwa alikuwa akimpenda Daktari Nthiga, tangu siku alipokuja Majengo kuchanja mbwa na paka, naye akampelekea paka wa mama mwenye nyumba ndani ya kikapu cha vitunguu, wakacheka mpaka paka akatoroka. Katika muda huo wote hakuna Alhamisi hata moja aliyoshika simu kabla ya giza. Ukimuuliza, anasema, “Alhamisi kazi huwa nyingi, mpenzi. Usije Alhamisi.” Njoo Jumatatu, njoo Jumapili baada ya kanisa, njoo siku yoyote unayotaka, ila Alhamisi hapana.

Na posa ilikuwa Jumamosi. Watu wa Nthiga wangepanda kutoka Manyatta, kule Embu, hadi Maua kwa Mzee Kaburu, baba yake Karwirwa, wakiwa na bunda la miraa ya posa lililofungwa kwa majani ya mgomba kama desturi inavyotaka. Mzee akilifungua, binti amekwenda. Asipolifungua, watu wanakunywa chai wanarudi walikotoka. Na Mzee Kaburu alikuwa ameshasema mbele ya wajomba, bila kuficha, “Kwamba ni Mwembu, nitavumilia. Lakini daktari wa mbwa? Kwani ng'ombe wameisha?”

Kwa hiyo Alhamisi hiyo Karwirwa alitia tepu ya kupimia mkobani, akasema anakwenda kumpima Nthiga koti la posa.

“Kampime vizuri,” Maxine akamwambia. “Na huyo mwenzake ukimkuta, mpime pia.”

Barabara ya Embu aliipita amefumba macho, kama afanyavyo siku zote. Kaka yake alifia huko. Miaka miwili iliyopita, pikapu ya miraa iliyokuwa imembeba Mbaabu kutoka Maua iliacha lami kwenye mteremko wa kushukia mto Rupingazi, jua halijatoka. Dereva alitoka na mguu uliovunjika. Mbaabu hakutoka. Na mbwa wake, Bosco, ambaye hakuachana naye shambani wala safarini, watu walimwona akiingia kwenye mahindi, na baada ya hapo hakuna aliyemwona tena. Mama yao alikataa kata kata kulikubali hilo. Hadi leo, kila jioni akishafunga mbuzi, husimama langoni akaita, “Bosco! Bosco!” mpaka majirani wanafunga madirisha. Ukimwambia, Mama, inatosha, anakujibu kwamba mbwa yule ndiye wa mwisho kumwona mwanawe akiwa hai, na hawezi kuachwa huko nje peke yake na habari kama hiyo.

*

Makao ya wanyama yalikuwa kando ya barabara ya Manyatta, nyuma ya mikaratusi, na lango lake la mabati lilifunguliwa na mama mmoja wa makamo mwenye sweta ya kijani. Huyo alikuwa Madam Nelius, msimamizi. Karwirwa alimjua kwa kusikia tu.

“Nimekuja kumwona Daktari Nthiga. Mimi ni Karwirwa.”

“Ah! Wa Jumamosi!” Nelius alitabasamu, halafu tabasamu likafifia. Akatazama saa yake. “Daktari hakuniambia unakuja.”

“Hata yeye hajui.”

“Leo ni Alhamisi, mama.” Alilisema polepole, kama mtu anayemwambia mgeni kwamba nyumbani kuna msiba. “Basi ngoja pale ofisini. Usizunguke huku nyuma.”

Ahaa, Karwirwa akajisemea. Maxine, haki ya Mungu.

Alikwenda ofisini, na ni pale mlangoni alipogundua kitu kilichomfanya apunguze mwendo. Mbwa zaidi ya thelathini walikuwa nyuma ya jengo lile, aliwaona kupitia waya, wamesimama, wamekaa, masikio juu. Hakuna aliyebweka. Mgeni ameingia uani na hakuna hata mmoja aliyesema kitu. Karwirwa alikulia kwenye shamba la miraa, ambako mbwa huanza kukubwekea ukiwa bado kwa jirani, na ukimya ule ulimwingia mwilini.

Ofisi ilikuwa ndogo: meza, gambuti zilizosimama ukutani, na nyuma ya mlango ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki, *Alhamisi*, na chini yake *2, 5, 9, 11, 16*. Hakuelewa, wala hakujali. Alikuwa anatafuta kitambaa cha kichwa, hereni, kikombe chenye rangi ya mdomo. Alivuta droo akakuta mabomba ya sindano na kalamu. Akafungua kabati, na huko juu kabisa, nyuma ya vitabu, akaona mkebe wa mafuta ya kupikia uliofungwa ndani ya taulo safi.

Mtu hafungi mkebe wa mafuta kwa taulo isipokuwa ndani kuna barua. Karwirwa alipanda juu ya kiti, akaushusha, akaufungua.

Zilikuwa kamba. Kamba za mgomba tu, zilizokauka, zilizosokotwa na kufungwa duara, nyingi, zimepangwa moja juu ya nyingine. Alicheka. Alicheka kwa sauti, peke yake, kwa aibu na kwa nafuu, akawaza jinsi atakavyomsimulia Maxine. Halafu akachukua moja, kwa sababu mikono ya mtu wa Igembe, nchi ya miraa, haiwezi kuona fundo ikaliacha, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Fundo lililala kushoto. Mkia wake ulikuwa umekunjwa ndani, mara mbili, na katikati ya nyuzi za mgomba ulipita uzi mmoja wa rangi ya damu ya mzee.

Kule kwao, kila boma lina namna yake ya kumalizia fundo la miraa, ili bunda likifika sokoni Nairobi mnunuzi ajue limetoka kwa nani. Wote kwa Kaburu hulaza fundo kulia. Mbaabu peke yake alilaza kushoto, kwa sababu alikuwa wa mkono wa kushoto, na Mzee alimgombeza kwa hilo hadi akachoka. Na uzi ule, uzi wa sweta za shule, Karwirwa mwenyewe ndiye aliyempa. “Nipe kitu kizuri nimvalishe mbwa wangu,” Mbaabu alimwambia, amesimama mlangoni Majengo na kofia nyuma ya kichwa. “Asije akaonekana kama wa maskini.”

Karwirwa alikuwa bado amesimama juu ya kiti wakati Nthiga alipoingia.

*

Alikuwa katika koti lake jeupe, mikono mibichi, inanuka dawa. Alipomwona, kitu cha kwanza kilichopita usoni mwake kilikuwa furaha. Karwirwa aliiona, na baadaye, alipotaka kumchukia, furaha ile ndiyo iliyomzuia. Halafu macho yake yakashuka hadi kwenye mkebe.

“Karwirwa. Umefika saa ngapi? Mbona hukupiga—”

“Hii kamba umeitoa wapi?”

“Shuka kwanza, utaanguka.”

“Nthiga. Hii kamba.”

“Ya mbwa fulani.”

“Mbwa gani?”

“Wa kizimba cha nne. Ni zamani. Miaka miwili sasa. Aliokotwa huko chini kwenye mahindi, karibu na mto.”

Karwirwa alishuka, akakaa kwenye kiti alichokuwa amekikanyaga. Kamba ilikuwa mapajani mwake.

“Wa kahawia,” akasema. “Sikio moja jeupe.”

Nthiga aliinamisha kichwa.

“Yuko wapi?”

“Karwirwa...”

“Nimekuuliza, yuko wapi?”

“Tulimlaza,” akasema. Halafu, kwa sababu alikuwa mtu mkweli hata pale ukweli ulipomkata, akajisahihisha. “Hapa tunasema hivyo. Nilimuua. Kwa sindano. Mimi mwenyewe.”

Huko nje mikaratusi ilivuma kidogo, ikatulia.

“Alhamisi,” Karwirwa akasema.

“Alhamisi.”

“Ndiyo sababu hushiki simu.”

“Ndiyo sababu.” Alichuchumaa mbele yake, lakini hakumgusa. “Mbwa hukaa hapa siku kumi na nne. Asipotokea mwenyewe, asipotokea wa kumchukua, namba yake inaandikwa pale ubaoni. Vizimba ni vichache, mbwa hawaishi kuletwa. Nilikuta ikifanywa hivyo, nikafanya. Huyo wa kizimba cha nne nilimficha. Nilimwandika upya, nikamfikisha siku ishirini na nane. Hakuwa anakula. Ila gari la miraa likipita hapo barabarani likipiga honi, alikuwa anasimama. Anasimama hivi, mguu mmoja juu, anasikiliza mpaka lipotee. Halafu analala tena.”

“Acha.”

“Mpaka leo, Karwirwa, gari la miraa likipita mimi hugeuka kuangalia kizimba cha nne. Miaka miwili. Kuna mbwa wengine wamekaa mle, wameondoka, na mimi nageuka tu.”

“Nimesema acha!” Alisimama, akakung'uta sketi yake kana kwamba kuna uchafu. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. “Unajua jina lake? Alikuwa anaitwa Bosco. Alikuwa wa kaka yangu. Alikuwa kwenye hiyo gari. Mama yangu anamwita kila jioni, Nthiga, kila jioni ya Mungu, na wewe umekula ugali kwake, umekaa pale jikoni, ukamsikia kwa masikio yako, ukaniuliza, Mama anaita nani? Nikakwambia, mbwa wa kaka, alipotea. Kumbe wewe!”

Nthiga alikuwa amekuwa rangi ya majivu.

“Sikujua,” akasema. “Naapa kwa jina la Mungu. Ulisema mbwa alipotea. Sikujua alipotelea wapi.”

Na hilo lilikuwa kweli. Karwirwa hakuwahi kumwambia ni wapi. Mambo ya Rupingazi hakumwambia mtu.

“Kwa nini hamkutafuta mwenyewe?” akauliza, sauti imeshuka. “Alikuwa na kamba shingoni!”

“Kamba ya mgomba?” Nthiga alimtazama bila kuelewa. “Wale wenye mikanda ya ngozi tunatangaza, tunauliza, tunapiga simu. Hawa wa kamba... tulijua ni mtu amefunga mbwa kwa kamba yoyote aliyoikuta, akachoka naye, akamtupa. Kila aliyekuja na kamba ya mgomba tulimwandika hana mwenyewe.”

“Nyinyi ni wazimu? Kwetu mbwa mwenye kamba ya mgomba ndiye mwenye mwenyewe! Ana shamba. Fundo ndilo jina. Anayezurura ni yule asiye na kitu shingoni. Hawa walilala juu ya miraa, gari likaondoka nao, wakaruka hapa mlipo nyinyi.” Akautikisa mkebe. “Ziko ngapi humu?”

Nthiga hakuhitaji kuzihesabu. Alizijua. Mtu aliyezifunga ndani ya taulo safi asizijue?

“Kumi na saba,” akasema. “Nilishindwa kuzitupa. Nilidhani ni uchafu tu, na bado nikashindwa.” Akakaa pale pale sakafuni, na koti lake jeupe, na akaweka uso mikononi. “Kumi na saba walikuwa na kwao.”

Karwirwa alitaka kumwambia neno baya zaidi ya yote. Alilitafuta. Lakini alikuwa anakitazama kisogo chake, pale anapopenda kuweka mkono, na akaona kwamba huyu mtu amekuwa akijiambia neno hilo kila wiki bila kusaidiwa na mtu. Alimchukia na akamhurumia kwa pumzi moja, na alikasirika zaidi kwa sababu hiyo.

“Ulikuwa naye mwisho?” akauliza.

“Nilimshika. Aliweka pua hapa.” Akaonyesha kifundo cha mkono wa kushoto. “Hakupigana.”

*

Mlango uligongwa. Madam Nelius alichungulia, akawaona, mmoja analia amesimama, mwingine chini.

“Samahani. Daktari, saa nane imepita. Wale watano.”

“Sitadunga,” Nthiga akasema.

“Unasema?”

“Sitadunga, Madam. Leo sitadunga. Wala Alhamisi ijayo.”

Nelius aliingia, akafunga mlango nyuma yake. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa yamechoka kwa namna ambayo Karwirwa alikuwa ameanza kuifahamu. “Daktari, mimi napenda hii kazi? Kuna mbwa wanne wamefungwa kwenye kamba nje ya jikoni kwa sababu vizimba vimejaa. Juzi wawili wameumana mpaka mmoja akakosa jicho. Wewe usipodunga, nitaita mwingine, na huyo mwingine hatawashika kama unavyowashika. Hilo unalijua.”

“Nataka kuwaona,” Karwirwa akasema.

“Nani?”

“Hao watano. Wa ubaoni.”

Wakatoka. Mbwa bado walikuwa kimya, kana kwamba nao walijua ni siku gani. Waliwafuata kwa macho, kizimba hadi kizimba. Namba mbili alikuwa jike mzee mwenye matiti yaliyoning'inia. Namba tano alikuwa na mguu uliopinda. Kumi na moja na kumi na sita walikuwa vijana tu, mifupa mitupu, wanatikisa mkia kwa hofu. Na namba tisa, mweusi, kifua cheupe, alikuwa na kamba ya mgomba shingoni.

Karwirwa alipiga magoti, akaingiza vidole kwenye waya, akaligeuza fundo. Hakulijua. Alichukua simu akampigia mtu ambaye hakutaka kabisa kuzungumza naye siku hiyo.

“Baba.”

“Karwirwa! Watu wako Jumamosi watakuwa wangapi? Mama yako anauliza viazi.”

“Baba, ngoja. Nisikilize. Fundo limelala kulia, mkia umepita chini halafu umetolewa juu kama sikio. La nani hilo?”

Mzee Kaburu hakuuliza kwa nini. Swali la fundo kwake lilikuwa kama kuulizwa njia. “Sikio moja ama mbili?”

“Moja.”

“Hiyo ni ya Ishmael, yule wa chini ya soko. Mbwa yake mweusi ilipanda gari mwezi uliopita. Ameuliza mpaka Laare. Umeiona wapi?”

“Embu, Baba. Iko hai. Nitakupigia sasa hivi.” Akakata, akamgeukia Nelius. “Huyu ana mwenyewe. Anaitwa Ishmael, wa Maua, na amemtafuta mpaka Laare.”

Nelius alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili. “Kwa hizi kamba?” akasema. “Hizi kamba?” Akamtazama Nthiga, na Nthiga akamtazama, na hapo Nelius naye akaelewa juu ya ule mkebe.

Aliachia waya. “Sawa. Wa tisa ametoka. Na hawa wanne, mama? Hawa hawana kitu shingoni.”

Karwirwa aliwatazama. Jike mzee alikuwa amelaza kichwa, hajui kama kesho ipo. Nyuma ya jiko la makao kulikuwa na mgomba mmoja, magamba yake yamekauka na kuning'inia kama nguo kuukuu. Karwirwa alikwenda pale. Alichana gamba moja refu, akalipasua, akaketi juu ya jiwe akaanza kusokota. Vidole vyake vilikuwa vimeshona sare kwa miaka minane, lakini hii ilikuwa kazi ya zamani zaidi, ya utotoni, na vilikumbuka.

Nthiga alikuja akasimama kando. “Unafanya nini?”

“Niletee wa pili.”

Alimleta mwenyewe, amembeba. Karwirwa alimzungushia yule jike kamba shingoni, akapima vidole viwili visibane, akafunga. Kwa mkono wa kushoto. Ilibidi arudie mara mbili, kwa sababu mkono wake haukuzoea, na mara ya tatu fundo likalala lilivyotakiwa kulala, mkia umekunjwa ndani, mara mbili. Hapo ndipo alipolia kwa kweli, kwa kwikwi, pua ikimtiririka, kwa maana hakuwa ameliona fundo lile likiwa jipya tangu wamzike Mbaabu.

“Mlete mwingine,” akasema.

Alipomaliza wanne, alisimama mbele ya Nelius. “Mbwa mwenye mwenyewe, sheria yenu inasemaje?”

“Hadungwi.”

“Basi hawa ni wa boma la Kaburu, Maua. Wezi wa miraa wametumaliza, tunahitaji walinzi. Na majirani pia wanahitaji.”

“Na Alhamisi ijayo wataletwa wengine.”

“Mgomba si upo?” Karwirwa akasema. “Na watu wa kwetu wapo. Mnapiga simu. Mkifunga kamba mnapiga simu, mpaka apatikane mwenye shamba. Mtu wa miraa hawezi kukataa mbwa.”

Nelius aligeuka akaenda ofisini, na kupitia mlango uliokuwa wazi walimwona akifuta ubao kwa mkono wa sweta yake ya kijani, wote, pamoja na neno *Alhamisi*.

*

Simu ililia. Ilikuwa Mzee.

“Umesema sasa hivi, na mimi naona kunakuchwa. Ishmael yuko hapa, analia kama mtoto. Hiyo mbwa iko kwa nani?”

“Kwa Nthiga, Baba. Kazini kwake. Na kuna wengine wanne nimewafunga kamba, ni wetu.”

“Wetu? Umefunga fundo ya nani?”

“Ya Mbaabu.”

Karwirwa alisikia kuku wa Maua simuni, akasikia mtu akimuuliza Mzee kuna nini. Mzee alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. “Basi ni wetu.”

“Baba, kuna jambo jingine.” Akainua macho. Nthiga alikuwa tayari amenyoosha mkono kuomba simu. “Nthiga anataka kukwambia.”

Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba hakujua, kwamba ni sheria, kwamba alimficha siku ishirini na nane. Karwirwa alisubiri aseme, na alijua kwamba akianza na hayo, atachukua mkoba wake aende zake.

“Mzee, shikamoo,” Nthiga akasema. “Bosco hakupotea. Aliletwa hapa kwangu baada ya ajali. Mimi ndiye niliyemuua. Kamba yake ninayo.”

Hakuongeza neno.

Karwirwa alisogeza sikio karibu na simu. Halafu sauti ya Mzee ikatoka, ndogo, lakini kila neno alilisikia.

“Jumamosi uje. Lakini hiyo bunda ya miraa iache kwa gari, sitaifungua wala sitaiangalia, bado. Hutaanza na mimi. Mama yake Mbaabu huita hiyo mbwa kila jioni, kijana yangu. Mimi nimeshindwa. Uje na hiyo kamba, usimame naye pale langoni, umwambie aache kuita.”

Simu ikakatika.

Nthiga alibaki ameishika sikioni. Karwirwa aliichukua polepole, akaitia mkobani, na vidole vyake vikagusa tepu. Aliitoa. Hakujua la kufanya na mikono yake, na koti bado lilikuwa halijapimwa.

“Sijakusamehe,” akasema.

“Najua.”

“Sijui kama nitakusamehe.”

“Najua, Karwirwa.”

“Inua mikono.”

Aliinua. Alimzungushia tepu kifuani, na kwa kufanya hivyo akawa karibu naye kuliko alivyotaka, paji la uso wake kwenye kola ile nyeupe. Alisoma namba akaisahau hapo hapo, akasoma tena.

Barabarani, nyuma ya mikaratusi, pikapu ya miraa ya mchana ilipita ikipiga honi ndefu.

Nthiga aligeuka kuangalia kizimba cha nne. Karwirwa, tepu mkononi, akajikuta na yeye amegeuka.